SAUTI YA KWANZA: FUNZO LA AGOSTI 7, 1998



Leo nataka tutazame historia yetu kidogo. Vijana wengi kanisani hawakuwa wamezaliwa wakati huo, na sisi tuliokuwepo tumeanza kusahau.

Ijumaa, Agosti 7, 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi. Ubalozi wa Marekani ulikuwa katikati ya Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Jengo lilikuwa karibu sana na barabara. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameandikia wakubwa wake Washington akieleza kwamba mahali hapo si salama. Ubalozi ulikuwa bado uko pale pale.

Lori lenye bomu la al-Qaeda lilifika upande wa nyuma. Askari wa lango, Mkenya asiye na bunduki, alikataa kufungua kizuizi. Hapo mshambuliaji mmoja akarusha guruneti, na risasi zikasikika.

Mpendwa, shika hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza.

Katika ubalozi, katika jumba la Co-operative Bank na katika jumba la Ufundi lililokuwa kando, watu walisikia kishindo. Walifanya nini? Walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Waliinuka kwenye viti wakaenda dirishani kuona kuna nini.

Sekunde chache baadaye bomu lenyewe likalipuka.

Jumba la Ufundi liliporomoka. Abiria waliokuwa wakipita kwa basi waliungua. Vioo vya madirisha vikawa visu vinavyoruka, na waliokuwa wamesimama mbele yake walipigwa usoni. Ndiyo maana wengi walipoteza macho siku ile. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na 12 kati yao walikuwa Wamarekani. Karibu wote waliobaki walikuwa Wakenya waliokuwa kazini, darasani au njiani. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Dakika chache mbali na saa hiyo, bomu lingine lililipuka Dar es Salaam na kuua watu 11. Kule, lori la maji la ubalozi lilikuwa langoni likazuia lile la bomu lisikaribie jengo.

Balozi Bushnell mwenyewe alikuwa katika mkutano na waziri Joseph Kamotho, juu katika jumba la Co-operative Bank. Amesimulia kwamba sauti ya kwanza iliposikika, wengi chumbani walielekea dirishani, naye alichelewa kuinuka. Kuchelewa huko kidogo kulimwacha mbali na kioo. Aliumia, lakini alishuka ngazi kwa miguu yake.

Sasa kuna swali ambalo watu huniuliza: je, waliokufa walikuwa na dhambi kuliko waliopona? Bwana Yesu alishalijibu. Soma Luka 13. Mnara ulianguka kule Siloamu ukaua watu 18, na Yesu akakataa kabisa maneno kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kwa hiyo usimwambie mjane wa Agosti 7 kwamba mumewe hakuomba vya kutosha. Wako watu waliokoka waliokufa siku ile, na wako walevi waliopona. Usimhukumu mtu kwa kifusi kilichomwangukia.

Lakini pia usifikiri kwamba kwa sababu Mungu ndiye mlinzi wetu, sisi hatuna kazi. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta na adui wakitisha, aliomba na pia akaweka walinzi usiku na mchana. Soma sura ya 4 yote. Utaona kwamba alimweka mpiga tarumbeta kando yake, na watu wote walijua kwamba tarumbeta ikilia wakusanyike pale ilipolia. Yaani walikuwa na ishara moja ya hatari, mahali pa kukutania, na kila mtu alifundishwa mapema.

Hilo ndilo lililokosekana Nairobi. Baada ya shambulio, kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali William Crowe iliona kwamba hapakuwa na king'ora maalum cha kuonya watu juu ya bomu, na kwamba watu hawakuwa wamezoezwa kulala chini na kukaa mbali na madirisha. Askari alijua kuna hatari, lakini hakuwa na tarumbeta. Waliokuwa ndani walisikia kishindo, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia maana yake.

Basi mimi leo nakuambia maana yake, ili usiseme hukuambiwa.

Ukisikia kishindo usichokijua, usiende dirishani. Lala chini, funika kichwa, kaa nyuma ya ukuta au meza nzito, mbali na kioo. Na usichukue simu kurekodi, kwa maana simu nayo itakupeleka dirishani.

Kikitulia, toka kwa ngazi, usipande lifti. Ukifika nje, endelea kwenda mbali. Usisimame kutazama, kwa sababu mlipuko wa pili unaweza kufuata, na ukuta uliopasuka unaweza kuanguka baadaye.

Ukifunikwa na kifusi, ziba pua na mdomo kwa nguo, maana vumbi huua. Usimalize nguvu kwa kupiga kelele mfululizo. Gonga bomba au ukuta, pumzika, gonga tena. Siku zile waokoaji, wakiwemo Waisraeli waliokuja na mbwa wa kutafuta watu, walikuwa wakinyamaza kimya kabisa ili wasikie dalili ya uhai. Mwanamume mmoja alitolewa hai baada ya zaidi ya siku moja chini ya mawe. Mama mmoja aliyekuwa akizungumza naye huko chini hakuwahi kufikiwa akiwa hai. Kenya nzima ilimlilia.

Ukimkuta mtu anavuja damu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu, usiachilie. Kioo kilichoingia jichoni usikivute, mwachie daktari.

Na nyumbani, mtungi wa gesi ukinuka usiwashe wala usizime taa. Funga gesi kama unaifikia, fungua mlango na madirisha, toa watoto, toka nje.

Wazee wa kanisa, neno hili ni lenu pia. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza anayejenga nyumba aweke ukingo darini, ili damu ya mtu isiwe juu ya nyumba hiyo. Usalama wa jengo ni amri ya Mungu. Mlango wa nyuma wa kanisa ukifungwa kwa kufuli wakati wa ibada, damu ikimwagika itakuwa juu ya nani? Tuna wahudumu wa mlangoni. Je, wanajua watatupeleka wapi? Mara ya mwisho kufanya zoezi la kutoka ilikuwa lini? Julai 1, 2012, watu waliuawa kule Garissa wakiwa kanisani, Jumapili. Hakuna anayeweza kusema haya hayatuhusu.

Na tusisahau wema wa siku ile. Kabla mashine hazijafika, wananchi walichimba kwa mikono. Matatu zilibeba majeruhi hadi Hospitali ya Kenyatta. Watu walipanga foleni kutoa damu, na hakuna aliyeuliza damu hiyo itaingia kwa Mkristo au Mwislamu, Mkikuyu au Mjaluo.

Leo mahali pale ni bustani ya kumbukumbu, na majina yameandikwa ukutani. Ukipita mjini, ingia na watoto wako. Wasomee majina. Kisha waambie habari ya sauti ya kwanza.

Tuombe: Baba, wafariji wanaobeba makovu ya siku ile hadi leo, hasa waliopoteza macho. Tulinde, na utupe akili ya kutii onyo linapokuja. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili hii, ukiingia kanisani, kabla hujakaa, tazama mlango wa pili uko wapi. Mbarikiwe.