Jeni zafichua chimbuko la mahindi

Jina la mahindi humwelekeza msemaji wa Kiswahili Bara Hindi, ilhali nafaka hiyo haikutoka huko. Utafiti wa jeni umebaini kuwa chimbuko lake ni bonde la mto Balsas, kusini magharibi mwa Mexico, ambako wakulima wa kale waligeuza nyasi ya mwituni iitwayo teosinte kuwa zao la shambani yapata miaka 9,000 iliyopita.

Wataalamu walibishana kwa miongo mingi kuhusu suala hili, na si ajabu. Teosinte haina sura ya mahindi. Ina matawi mengi, na suke lake dogo hubeba punje chache tu, kila moja ikiwa imefungiwa ndani ya ganda gumu. Mnyama akizila, nyingi hupita tumboni zikiwa nzima.

George Beadle, Mmarekani aliyetuzwa Nobel pamoja na wenzake mwaka 1958, alikuwa ameshikilia tangu 1939 kwamba mahindi ni mwana wa teosinte. Katika miaka ya 1970, akiwa amestaafu, aliizalisha mimea hiyo miwili pamoja, kisha akapanda nchini Mexico wajukuu wao wapatao 50,000. Hesabu za urithi ni hizi: tofauti ikisababishwa na jeni moja, mjukuu mmoja kati ya wanne atafanana na babu, zikiwa jeni nne, mmoja kati ya 256, zikiwa tano, mmoja kati ya 1,024. Beadle alipata takriban mmoja katika kila 500. Kumbe kilichoitenga nyasi na chakula kilikuwa jeni kuu nne au tano!

Maabara zilikuja kumuunga mkono. Mwaka 1997 kundi la John Doebley lilieleza jinsi jeni iitwayo tb1 inavyozuia mmea kutoa matawi, na mwaka 2005 likaitambua tga1, inayoiacha punje wazi bila ganda. Utafiti wa 2002 ulionyesha kuwa mahindi yote yana asili moja. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa 2023 uliongeza kuwa miaka ipatayo 4,000 baadaye mahindi hayo yalichanganyika na teosinte ya nyanda za juu za Mexico, na chembe za mchanganyiko huo zimo katika mahindi ya leo.

Kwa mkulima wa Kenya, hii si historia ya mbali. Mahindi yaliyotamalaki humu nchini katika karne ya 20, yakisukuma kando mtama na wimbi, yalitokana kwa kiasi kikubwa na mbegu chache zilizoletwa na walowezi kutoka Afrika Kusini. Watafiti wa Kitale walipotaka mazao mengi zaidi, walizalisha mbegu yao pamoja na mahindi ya milimani kutoka Ecuador, na mwaka 1964 wakatoa H611. Nguvu ya mbegu hiyo ilitokana na umbali wa kinasaba kati ya wazazi wake.

Upungufu wa anuwai ulidhihirika Septemba 2011, ugonjwa wa MLN ulipozuka Bomet. Ugonjwa huo hutokea virusi viwili vinapoushambulia mmea kwa pamoja, na karibu mbegu zote zilizokuwa madukani zilishindwa kuustahimili. Mashamba yalikauka kabla ya mahindi kukomaa. Mwaka 2013 kituo maalumu kilifunguliwa Naivasha, ambako mahindi kutoka nchi mbalimbali huambukizwa kimakusudi ili kutafuta yanayostahimili. Miongoni mwa yaliyonusurika ni ya ukoo wa KS23, uliotoka Thailand. Kwa kufuatilia alama za jeni, watafiti wamekuwa wakiuhamishia ukinzani wake katika mbegu za Afrika Mashariki.