Shamba la Ukoo, Chumba cha Kupanga

Sonona haigawi mzigo wake sawasawa kati ya wanawake na wanaume, na anayetaka kujua sababu pale Mafiga, mjini Morogoro, aanze na historia ya ardhi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Huko milimani Uluguru mwanamke alilima shamba la ukoo wake, na ndoa ikivunjika shamba halikumponyoka. Haikuwa pepo: kauli ya mwisho ilikuwa ya wajomba, na mpango wa Waingereza wa kuhifadhi udongo, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha watu kuchimba matuta hadi zikazuka ghasia za Matombo mwaka 1955. Atakayesema kwamba milimani nako waliteseka, hajakosea. Ila walisulubika wakiwa na ndugu zao, wakakataa kwa pamoja.

Mjini hesabu ilibadilika. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaenea, na kazi ya mshahara ikawa kwanza ya wanaume. Hata viwanda vilipokuja, mke wa mfanyakazi aliyepanga chumba aliishi kwa kipato kisicho chake, chini ya paa lisilo lake, mbali na shamba la mama yake. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, hakikufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo, na kikafungwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Mume aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara. Mkewe alipoteza mshahara huohuo, kisha akabaki na kodi, watoto na maneno ya mwenye nyumba.

Wapo watakaosema sonona ni ya kurithi. Kurithi kupo. Lakini George Brown na Tirril Harris, waliochunguza wanawake wa Camberwell, London, walionyesha mwaka 1978 kwamba pigo kubwa liliwaangusha zaidi wasio na kazi nje ya nyumba, wenye watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 14, na wasio na mwandani wa kumweleza yaliyo moyoni. Damu peke yake haielezi hayo. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki Mafiga, akishampima mtoto uzito, amuulize na mama: kodi analipa nani, na una nani wa kuzungumza naye?