Duke wa Ormond na Gharama ya Utii

Mwaka 1634 Thomas Wentworth, liwali wa Mfalme Charles wa Kwanza nchini Ireland, alihofia kwamba wajumbe wa Bunge wangechomoleana panga ndani ya ukumbi mjini Dublin. Akaamuru kila mmoja aache silaha mlangoni. Kijana wa miaka 23 akakataa. Bawabu alipomdai upanga, alimjibu kwamba akiutaka sana ataupata tumboni mwake, kisha akapita kwenda kuketi. Alipoitwa ajieleze, alitoa hati ya mfalme iliyomwita bungeni akiwa amejifunga upanga kiunoni. Wentworth, mtu asiyezoea kupingwa, ilimbidi ama amwangamize ama amvute upande wake. Akamvuta, na muda si mrefu akamwingiza katika baraza la serikali.

Kijana huyo alikuwa James Butler, Earl wa 12 wa Ormond, na kisa hicho kinamweleza vizuri kuliko sifa zote alizopewa baadaye. Alikuwa jasiri kweli, lakini ujasiri wake ulisimama juu ya karatasi ya mfalme.

Ukoo wa Butler ulikuwa Ireland tangu karne ya 12, ukiwa na ngome yake Kilkenny, na wengi wao walishika Ukatoliki. James alizaliwa London mwaka 1610. Baba yake alikufa maji mwaka 1619 akivuka bahari kwenda Uingereza. Babu yake Walter, aliyejulikana kwa rozari yake, alitiwa gerezani kwa miaka kadhaa kwa kukataa uamuzi wa Mfalme James wa Kwanza uliowapa watu wengine sehemu kubwa ya ardhi ya ukoo. Mtoto akachukuliwa awe chini ya ulezi wa mfalme, akakabidhiwa kwa George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury, ili akue Mprotestanti. Mama yake na ndugu zake walibaki Wakatoliki. Mwaka 1629 akamwoa binamu yake Elizabeth Preston, binti wa wale waliopewa ardhi ile, na mali ikarudi nyumbani.

Wakatoliki wa Ireland walipoasi mwaka 1641, Ormond aliongoza jeshi la mfalme dhidi yao. Huko Kilrush, Aprili 1642, alimshinda Viscount Mountgarret, naye ni Butler, damu yake mwenyewe. Waasi wakaunda serikali yao, na makao yake yakawa Kilkenny, mji wa mababu zake.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha yake. Mfalme alikuwa vitani na Bunge la Uingereza na alihitaji askari Wakatoliki. Ormond alijadiliana nao kwa miaka, akapata mkataba mwaka 1646, lakini Rinuccini, mjumbe wa Papa, akaupinga kwa kuwa haukulinda dini ipasavyo. Mwaka uliofuata, akiwa hana fedha wala chakula cha jeshi, Ormond aliikabidhi Dublin kwa Bunge, adui wa mfalme wake, ili isiangukie mikononi mwa Wakatoliki. Kosa hili lilikuwa kubwa mno. Mwaka 1649 alirudi, safari hii akiwa amepatana na Wakatoliki, akataka kuutwaa tena mji aliouachia mwenyewe. Tarehe 2 Agosti, Michael Jones, kamanda wa Bunge, alimshinda vibaya huko Rathmines, jirani kabisa na Dublin. Siku 13 baadaye Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge, alishuka na jeshi lake bila kizuizi. Mwezi uliofuata jeshi hilo likachinja watu wengi wa mji wa Drogheda.

Ormond alikimbilia Ufaransa mwishoni mwa 1650, akaishi kifukara pamoja na Charles wa Pili, mwana na mrithi wa Charles wa Kwanza. Mwaka 1658 aliingia London kwa siri ili apime nguvu za wafuasi wa mfalme. Alitia nywele dawa ya kuzibadili rangi, nazo zikatoka rangi mchanganyiko.

Baada ya ufalme, uliokuwa umepinduliwa na Bunge, kurudi mwaka 1660, alipewa cheo cha Duke na uliwali wa Ireland. Alisimamia kutengwa kwa bustani ya Phoenix huko Dublin, na Uingereza ilipozuia ng'ombe wa Ireland kuingia sokoni mwake, alihimiza ufumaji wa kitani huko Chapelizod, karibu na Dublin. Mwaka 1670 Thomas Blood na genge lake walimteka katikati ya London, wakamfunga nyuma ya mpanda farasi wakitaka kumnyonga Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu. Mzee wa miaka 60 alipambana hadi akajinasua. Baadaye mfalme alipotaka Blood asamehewe, alitii.

Katika jambo la ardhi, utii huo uliwaumiza wengi. Mwaka 1641 Wakatoliki walikuwa na karibu asilimia 60 ya ardhi ya Ireland. Ilipofika 1688 walibaki na takriban asilimia 22. Askari wa Cromwell waliachiwa sehemu kubwa ya walichonyang'anya, ilhali Wakatoliki waliopigana chini ya Ormond mwenyewe wengi wao waliambulia patupu. Mashamba yake yeye yalirudishwa. Hakuitunga sera hiyo ya ardhi peke yake, na alijaribu kuwasaidia baadhi yao, lakini aliisimamia.

Alifariki Kingston Lacy, Uingereza, tarehe 21 Julai 1688, akazikwa Westminster Abbey. Miezi michache baadaye Mfalme James wa Pili, mwana wa yule Charles aliyemtumikia kwanza, alikimbia kiti chake.