Kutoka Ushindi hadi Uthibitisho: Jonathan Schaeffer na Utafiti wa Dama katika Chuo Kikuu cha Alberta, 1984–2007

Historia ya utafiti wa michezo kwa kompyuta aghalabu husimuliwa kama mfululizo wa mapambano ambamo mashine humshinda binadamu. Mtazamo huo hautoshi kuieleza kazi ya Jonathan Schaeffer, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Hoja ya insha hii ni kwamba mchango wake mkubwa ulichochewa na ushindi ambao haukukamilika.

Schaeffer alianza kufundisha Alberta mwaka 1984, na mwaka 1986 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Waterloo. Utafiti wake wa awali ulihusu sataranji. Mwaka 1989 aligeukia dama. Uamuzi huo ulikwenda kinyume na imani iliyoenea. Mwaka 1962 programu ya Arthur Samuel wa IBM ilimshinda mchezaji Robert Nealey, na watu wengi wakadhani kuwa tatizo la dama limekwisha kutatuliwa. Hata hivyo, Nealey hakuwa bingwa wa dunia, na mchezo mmoja haukuthibitisha lolote.

Mwaka 1990 Chinook, programu ya Schaeffer na wenzake, ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa ya Marekani, nyuma ya Marion Tinsley, mwanahisabati aliyekuwa ameshindwa michezo michache mno kwa takribani miaka 40. Walipokutana London mwaka 1992, Tinsley alishinda michezo minne, Chinook miwili, na 33 ikaisha sare. Waliporudiana Boston mwaka 1994, michezo sita ya mwanzo ilikuwa sare. Kisha Tinsley akajitoa kwa sababu ya maradhi. Chinook ilipata ubingwa, naye Tinsley akafariki mwaka uliofuata.

Kwa kanuni za mashindano taji lilikuwa halali, lakini swali la nani alikuwa bora halikuweza tena kujibiwa mezani. Lililobaki lilikuwa swali la kihisabati: je, dama ikichezwa pasipo kosa, huishaje? Kikundi cha Alberta kiliunda hifadhidata ya mikao yote ya kete kumi au pungufu, yapata trilioni 39, kisha kikachunguza mchezo kuanzia mwanzo hadi kuifikia. Mwaka 2007 matokeo yalichapishwa katika jarida la Science: hakuna upande unaoweza kulazimisha ushindi, mchezo ni sare.

Uthibitisho huo una mipaka. Unahusu dama ya Kiingereza, ambayo kete iliyovishwa taji husogea hatua moja tu. Hauwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye aina ambazo kete hiyo huruka mbali. Aidha, unaeleza matokeo ya mchezo tangu mwanzo wake, si ya kila mkao kati ya takribani 5 × 10²⁰ iliyopo.

Makala hiyo ilikuwa na waandishi wanane. Mmoja wao, Neil Burch, alishiriki pia katika utafiti wa poka uliochapishwa na watafiti wa Alberta mwaka 2015. Mwingine, Yngvi Björnsson, aliendeleza taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Reykjavik. Hivyo, taaluma ya Schaeffer haipimwi kwa taji la 1994 pekee. Inapimwa kwa jibu ambalo taji hilo halikuweza kulitoa, na kwa watafiti waliokomaa katika kulitafuta.