Matumbawe na kikomo kisicho na marejeo

Katika mfumo wa tabianchi yapo mabadiliko ambayo huenda polepole kwa miaka mingi, kisha yakivuka kikomo fulani huendelea yenyewe, na ni vigumu kuyarudisha nyuma hata joto likipungua. Barafu ya Greenland, msitu wa Amazon na matumbawe ya bahari za joto yote yanakabiliwa na hatari hiyo.

Kwa nini matumbawe?

Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo wanaohifadhi vijimea miilini mwao, na vijimea hivyo huwapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yanapozidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, vijimea hutoka na tumbawe hupauka. Joto likidumu, hufa.

Mwaka 1998, wakati wa El Nino, takriban asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yaliangamia, na magharibi mwa Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Maafa hayo yalizaa mtandao wa utafiti wa CORDIO mwaka 1999, ambao tawi lake la Afrika Mashariki lina makao Mombasa.

Utafiti unasema nini?

Jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, lilieleza mwaka 2018 kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea; likifika nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99. Oktoba 2025, ripoti ya wanasayansi 160 kutoka nchi 23 ilisema matumbawe tayari yanavuka kikomo chake.

Nini kinaweza kufanywa?

Huko Kuruwitu, katika pwani ya Kenya, wavuvi wenyewe walitenga takriban hekta 30 za bahari mwaka 2005 na kuacha kuvua humo. Samaki walirejea, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, hifadhi haiwezi kuzuia maji kupata joto. Huyapa matumbawe nafasi ya kupona, lakini usalama wake utategemea mataifa kupunguza gesi chafu, kama yalivyoahidi mjini Paris mwaka 2015.