Uamsho wa Gahini na Haki ya Kila Siku

Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka Gahini, Rwanda, na Uganda baada ya 1929, mwaka ambao daktari mmisionari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika.

Waliookoka, walioitwa Balokole nchini Uganda, hawakuridhika na ubatizo na kwenda kanisani tu. Walikiri dhambi mbele ya wenzao, kisha wakalipa: mwizi alirudisha alichoiba, mdaiwa alilipa deni, waliokosana walipatana. Hapa ndipo penye uzito wa historia hii, kwa kuwa toba ilionekana machoni pa jirani aliyedhulumiwa. Katika ushirika wao mmisionari Mzungu naye alitubu mbele ya Waafrika, jambo zito sana chini ya ukoloni.

Ukali wao ulizua mgogoro kanisani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kutoka chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda, mmoja wa Balokole. Nchini Kenya msimamo huo uligharimu maisha: wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, Wakikuyu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau na pia kubeba silaha za serikali, na baadhi yao waliuawa.