Bandari ni yetu, lakini daftari ni la nani?

Tukibishana kuhusu bandari, swali huwa nani anaimiliki. Mimi huongeza lingine: nani anaweka hesabu?

Cheki Ugiriki ya kale. Milima kibao, mashamba kidogo, na bati la kuchanganya na shaba hawakuwa nalo. Ikabidi wategemee bahari: mafuta ya zeituni yatoke, madini yaingie. Meli moja iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, karibu 1300 KK, ilibeba kama tani 10 za shaba.

Huko Pylos, makarani wa ikulu waliandika kwa vibao vya udongo hadi shaba aliyopewa kila mhunzi. Lakini ujuzi wa kuandika ulibaki ikulu. Ikulu zilipoteketea karibu 1200 KK, maandishi yakapotea kwa karne kadhaa.

Ukiahidiwa bandari, uliza daftari litakaa wapi.